Mbwa wa Papa Damien Avuka Mto

Habari kwamba Walikale kutakuwa na sikukuu ya waandishi ilifika Masisi mwaka wa 1956, wakati wa kupalilia maharagwe, na Annonciata aliisikia kanisani Padri alipokuwa akisoma matangazo baada ya misa. Alidhani hakusikia vizuri. Sikukuu za watakatifu alizijua, ya mavuno aliijua, hata ile ya mfalme wa Wabelgiji na gwaride lake aliijua. Lakini ya waandishi? Kwa kadiri alivyofahamu, waandishi walikuwa watu wa mbali ambao majina yao yalikaa chini ya hadithi katika gazeti la misheni, na mmoja tu kati yao ndiye aliyewahi kumwona kwa macho yake akinunua chumvi.

Huyo alikuwa Papa Damien Ndayambaje. Alikuwa mjane, katekista aliyestaafu, mrefu na mwembamba, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua ila mbele ya altare. Aliishi kwenye kilima cha pili kutoka misheni, akilima viazi kama watu wengine, na kila baada ya miezi kadhaa gazeti lilikuja na hadithi yake. Annonciata alianza kuzisoma akiwa shule ya msingi. Sasa alikuwa mwenyewe mwalimu wa watoto wadogo, bado hajaolewa, jambo ambalo mama yake alilikumbusha kila Jumapili, na hadithi moja ya Papa Damien, ile ya mwindaji na mbwa wake, alikuwa anaijua yote kwa moyo. Akimenya viazi jikoni alijisomea ule mwanzo wake taratibu, kama mtu anayenyonya muwa: “Palikuwapo hapo kale mwindaji mmoja hodari, ambaye sifa zake zilitapakaa vilimani na mabondeni mithili ya ukungu wa asubuhi utandao juu ya mashamba yote, bila kuchagua la tajiri wala la maskini.” Kwake yeye hapakuwa na kitu kizuri kuliko hicho kilichowahi kuandikwa kwa Kiswahili.

Aliyebuni sikukuu hiyo alikuwa mwalimu wa Walikale, jina lake Symphorien, mtu wa msituni, mfupi, mwenye maneno mengi na subira kidogo. Alikuwa amechoka, alisema katika tangazo lake, kuona watu wa vilima na watu wa pori wakikutana sokoni tu. Basi mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kila mtu angepata saa yake: watoto wadogo na vitendawili, wanafunzi na michezo ya kuigiza, akina mama na nyimbo za kubembeleza, wazee na hadithi za zamani, na mwisho waandishi wasome kazi zao mbele ya watu wote. Masisi waliombwa walete mwalimu wa kuongoza saa ya watoto, na Padri akamtaja Annonciata. Tena akamwambia abebe na kitu chake cha kusoma, kwa sababu Masista walikuwa wamemwambia kwamba anaandika.

Annonciata aliona haya hadi masikioni. Ni kweli alikuwa ameandika hadithi moja, juu ya mama yake, wakati wa vita vya Wazungu, wakati baba yake alipochukuliwa kwenda kupasua mawe ya barabara. Alikuwa ameianza kwa sentensi ndefu yenye ukungu na mabonde, na kila alipoisoma alisikia raha, kwa kuwa ilifanana na ya Papa Damien kama watoto wa tumbo moja.

Waliondoka na kamyo ya misheni, Jean-Marie akiwa kwenye usukani na Papa Damien ameketishwa mbele kwa heshima. Nyuma, juu ya magunia ya viazi na kabichi za zawadi, walikaa waimbaji wa kanisa, Annonciata, na Mama Sidonie, mwalimu wa ushonaji, ambaye ndiye angesimamia nyimbo za akina mama na ambaye alianza kutapika kabla vilima vya Masisi havijaisha kuonekana. Barabara iliteremka na kuteremka. Majani ya malisho yakaisha, migomba ikawa mirefu zaidi, baridi ikawaacha, na mmoja baada ya mwingine wakavua masweta. Kisha miti ikafunga pande zote mbili na ikawa kama wameingia ndani ya nyumba.

Kwenye mto wenye maji meusi, ule unaokwenda kuungana na Lowa, Jean-Marie alisimamisha kamyo, akazima injini, akashuka. Daraja halikuwapo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yakaja na mti mzima, na mti ule ukaondoka na magogo yote ya daraja. Ng'ambo, wafanyakazi wa barabara walikuwa wamesimama na majembe yao wakiangalia. Kapita, msimamizi wao, mtu mwenye kifua kipana aitwaye Benoît, aliweka mikono mdomoni akapiga kelele kwamba amekwisha kutuma mtu wa baiskeli kwenda kumwarifu Symphorien, na kwamba wapumzike kwenye kijiji walichokipita, wenyeji ni watu wazuri.

Wenyeji walikuwa wazuri kweli. Waliwapa wageni ndizi za kuchemsha na sombe ya majani ya mihogo, nao wakapewa kabichi, wakazishangaa. Lakini Annonciata alilala na huzuni. Aliona sikukuu imekwisha kabla ya kuanza, na alijionea aibu kugundua kwamba upande mmoja wa moyo wake ulikuwa umefurahi, kwa kuwa sasa hatasoma.

Asubuhi waliamshwa na nyimbo. Wakateremka mtoni, na walichokiona kiliwaacha midomo wazi. Ng'ambo nzima ilijaa watu. Symphorien hakuwaambia watu wake wangoje, wala hakuahirisha kitu. Alikuwa ameiteremsha sikukuu yake hadi majini: watoto wa shule, akina mama na sufuria zao, wazee waliobebewa viti vyao, na vijiji vyote vya njiani vilivyokutana na msafara huo vikaamua kuufuata. Pembeni yao wanaume walikuwa wakivuta kamba za msituni kutoka ndani ya pori, nene kama mkono wa mtu, na kuzifunga kwenye mti mkubwa uliosimama ukingoni.

Symphorien alieleza kwa kelele kwamba wazee wa hapo wanafunga daraja la kamba, kama lile la babu zao, na kwamba litakuwa tayari kesho. “Lakini sikukuu njo leo!” aliita. “Ninyi someni pale muko, sisi tutasikia hapa tuko!”

Ikaanza hivyo. Watoto wa ng'ambo walitega vitendawili, na Annonciata, kwa niaba ya Masisi, akawajibu. Aligundua kwamba sauti yake, ile ya kuwaitia watoto wa darasa wanaokimbilia mitaroni, ilivuka maji bila shida. Walimtega juu ya wanyama ambao hakuwahi kuwaona, akashindwa, wakashangilia kushindwa kwake. Akawatega juu ya mvua ya mawe inayoangukia vilima vya Masisi, nao wakashindwa. Kisha Mama Sidonie, aliyekwisha kupona, akaimba wimbo wa kubembeleza wa kwao, akina mama wa pori wakajibu na wa kwao, na mtoto fulani mchanga upande wa pili akalala kweli, wakanyanyuliwa juu yeye na mama yake ili Masisi waone.

Ndipo Symphorien alipotangaza kwamba sasa ni zamu ya mwandishi mkubwa wa Masisi.

Papa Damien alisimama ukingoni na karatasi zake, akafungua mdomo, na hakuna aliyesikia kitu. Mwaka ule alikuwa ameugua mapafu, na kilichobaki cha sauti yake kilitosha chumba kimoja. Alijaribu mara nyingine, akakohoa. Watu wa ng'ambo walinyamaza kwa adabu, na mto ukaendelea na mvumo wake. Annonciata alitamani ardhi impasukie, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mzee yule. Lakini Papa Damien hakuonekana kufadhaika hata kidogo. Aligeuka akamtafuta kwa macho.

“Mutoto wangu,” alisema, “sauti yangu iko ya kuku mugonjwa. Wewe uko na sauti. Unikopeshe.”

Akamwambia hadithi yenyewe ni ile ya mbwa. Annonciata akajibu kwamba anaijua, anaijua yote, hahitaji hata karatasi. Alisimama kwenye jiwe, Papa Damien chini yake, bega la mzee likiegemea goti lake, na akaanza kwa moyo wake wote: “Palikuwapo hapo kale mwindaji mmoja hodari, ambaye sifa zake zilitapakaa vilimani na mabondeni mithili ya...”

Pumzi ikamwishia kabla ukungu haujafika kwenye mashamba. Akavuta nyingine, akamalizia, na akaona jinsi maneno yalivyoanguka majini. Ng'ambo, watu walikuwa wakiulizana. Mzee mmoja aliweka mkono sikioni. Mtoto alianza kurusha vijiwe. Annonciata akatazama chini, na Papa Damien alikuwa amezikunja karatasi na kuzitia mfukoni.

“Acha ile,” alisema. “Sema: Mwindaji iko.”

Annonciata hakuelewa.

“Sema tu.”

“Mwindaji iko!” aliita.

Neno lilikwenda moja kwa moja kama jiwe la teo. Ng'ambo watu walinyamaza. Papa Damien alingoja kidogo, akisikiliza maji, kisha akampa lingine, na lingine, kila moja si refu kuliko pumzi moja.

“Iko na mbwa.”

“Mbwa iko na kengele ya mti kwa shingo.”

“Mwindaji anasikiaka kengele, anajua: nyama iko pale.”

Ng'ambo kulikuwa na wawindaji wengi, na walikuwa na mbwa, na mbwa wao walivaa kengele za mti shingoni, kwa maana mbwa wa pori habweki. Mmoja alimnyanyua mbwa wake akaitikisa kengele yake ili Masisi wasikie, na ikasikika, kavu na ndogo, juu ya mvumo wa mto.

“Sasa mbwa anazeeka,” aliita Annonciata.

“Anazeeka!” walijibu ng'ambo, bila mtu kuwaambia wajibu.

“Macho yake inakufa.”

“Inakufa!”

Annonciata alikuwa akiita na huku akisikia kitu kikivunjika ndani yake, na si kwa uchungu tu. Aliijua hadithi. Alijua ni sentensi ipi inafuata, na ipi baada ya hiyo, na alimwona mzee yule akizifikia moja moja, akizishika, na kuzitupa. Ule mlinganisho wa jioni na nguo ya mjane, aliuacha. Hotuba nzuri ya mke wa mwindaji, ambayo gazetini ilichukua safu nzima, aliifanya maneno manne: “Mama alisema: Mupike, tukule.” Na ng'ambo walicheka kicheko kilichowafukuza ndege. Hakusita. Hakuonekana kama mtu anayepoteza mali. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama kwenye goti la Annonciata, midomo ikipima maneno kwanza bila sauti kabla ya kuyatoa, na mara mbili alimkamata kifundo cha mguu ili asiite bado, angoje, maji yapungue mvumo, au watu wamalize kuguna. Alikuwa anaiandika upya palepale, akiwa amesimama, kwa ajili ya watu ambao hakuweza hata kuziona nyuso zao vizuri.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mbwa alipopofuka, mwindaji hakumpika na hakumwacha. Alimvua kengele akajifunga mwenyewe mguuni, ili mbwa asikie bwana wake yuko wapi amfuate. Wakaenda porini hivyo kila siku, mwindaji akiliza kengele mbele, mbwa nyuma. Nyama zote zilikimbia. Watu walimcheka. Akawa anarudi na uyoga na kuni.

“Mwisho?” aliita mtu wa ng'ambo.

Gazetini mwisho ulikuwa fundisho la mistari mingi juu ya wema. Papa Damien alifikiri. Kisha akamwambia.

“Mwisho, mbwa alikufa,” aliita Annonciata. “Mwindaji hakufungua kengele.”

Ng'ambo kukazuka ubishi. Mwindaji mmoja alisema hakuna mtu mwenye akili anayeweza kufunga kengele mguuni, atakula nini. Mwingine, mzee zaidi, akamjibu kwa ukali kwamba baba yake mwenyewe aliwahi kumbeba mbwa mgongoni msimu mzima. Wakaingilia na wengine. Symphorien alijaribu kuwatuliza aendelee na ratiba yake, wakamwambia aketi. Papa Damien aliyasikiliza yote mkono ukiwa sikioni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Annonciata hakuwahi kuiona kwa mtu mzima.

Baadaye, wakila, Annonciata alishindwa kujizuia. Alimwuliza kama hakuumia kuiacha ile sentensi ya kwanza, ya ukungu. Alimwambia anaijua tangu utoto.

Papa Damien alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa kwamba nguo yake ya zamani bado inavaliwa mahali.

“Niliipenda sana,” alisema. “Ilinisumbua siku nyingi. Lakini ile ilikuwa sentensi yangu. Haikuwa ya mbwa.”

Akaendelea kula. Annonciata hakula tena.

Siku iliyofuata, wakati wazee wa ng'ambo wakisuka daraja, alikwenda na hadithi yake hadi mahali ambapo maji yalikuwa na kelele zaidi. Kwanza alikuwa amemwomba Papa Damien amkatie pale panapozidi, lakini mzee alikataa katakata. Alimwambia asome kwa sauti, na pale anapokosa pumzi ndipo pa kuangalia. Akasoma. Alikosa pumzi kwenye sentensi ya kwanza, na ya pili, na ukurasa wote wa kwanza, na alipofika mahali mama yake anapofunika kikapu cha maharagwe kwa majani ya mgomba yasipoe, pumzi ikamtosha. Akakaa juu ya jiwe akaona kwamba hadithi yake inaanzia pale. Yale ya mbele yalikuwa ya Papa Damien, tena ya Papa Damien wa zamani. Aliyafuta yote, na hakutoa chozi, ingawa alilitegemea.

Jua likiwa juu daraja lilikuwa tayari. Hakuna mtu wa Masisi aliyelitazama bila kusifu. Lilining'inia toka mti hadi mti, jembamba, limesukwa kama mkeka uliokunjwa, na vishikio vya pande mbili vilivyopanda juu hadi kwenye matawi. Wazee walioongoza kazi walikuwa wamekaa chini wakisugua viganja vyao, bila kutazama kazi yao tena. Benoît alivuka kwanza ili kuonyesha, akarudi, kisha akasimama katikati apokee watu. Mama Sidonie alivuka akisali rozari. Waimbaji walivuka. Papa Damien alisimama mbele ya daraja akasema wazi, mbele ya wote, kwamba anaogopa, na kwamba wamwache ajitayarishe. Kisha akavua viatu akavitia shingoni, na akaenda, taratibu, akihesabu kwa sauti sakramenti za Kanisa. Zilipoisha alianza tena. Annonciata alikuja nyuma yake na hadithi yake ameifunga kwenye kitambaa cha kichwani. Walipofika, mwindaji yule mzee wa ubishi alimshika Papa Damien mikono yote miwili, akampisha kwenye kiti chake.

Jean-Marie alibaki na kamyo yake na kabichi zilizosalia.

Walifika Walikale kwa kamyo ya ng'ambo na kwa miguu, na sikukuu iliyobaki ilifanyika kwenye uwanja wa shule, chini ya paa la majani lililojengwa kwa ajili hiyo. Annonciata aliongoza saa ya watoto. Wengi wao hawakujua Kiswahili sana, wakamfundisha majina ya wanyama kwa kilugha chao, akawachorea ubaoni, na mchoro wake wa okapi uliwavunja mbavu. Wanafunzi waliigiza hukumu ya kobe. Wazee walisimulia hadi kivuli kikageuka upande wa pili wa uwanja. Kila saa iliisha ikiwa imechelewa, na Symphorien alikimbia huku na huku na karatasi zake za ratiba, akiomba, akikemea, na mwisho akatupa ratiba na kuketi chini na watoto.

Jina la Annonciata lilipotajwa alisimama mbele ya watu akasoma maneno ya kwanza, na mtu nyuma akasema hasikii. Akaanza tena.

Alisoma kwamba mama yake alifunika kikapu. Kwamba barabara ilipokuwa karibu, maharagwe yalifika kwa baba yakiwa moto. Kwamba kila wiki barabara ilikwenda mbele, na chakula kikazidi kupoa, na yeye, mtoto, alitembea nyuma ya mama na kibuyu cha maji akidhani kwamba ni baba ndiye anayekimbia. Kwamba mwisho mama alilazimika kulala njiani, na maharagwe yakachacha, na baba akayala yote yaliyochacha mbele ya mama, akafuta bakuli, akasema ni matamu, kisha akamwambia asije tena. Kwamba baba alirudi barabara ilipokwisha, na hadi leo hapandi kamyo, akienda sokoni anapita njia ya zamani ya miguu, juu ya kilima.

Aliandika kama walivyosema nyumbani, na mahali mama yake alipozungumza aliacha “iko” na “njo” zake zikae. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Aliketi akitazama mikono yake. Akawaza kwamba imekuwa fupi mno.

Kisha mama mmoja mzee akasimama katikati ya watu, akaja mbele akishika mabega ya waliokaa. Aliitwa Mama Marie, wa kijiji kilichokuwa karibu na njia. Papa Damien alisogeza kiti chake akampa, lakini hakuketi.

“Ule mama wako alitoka upande wa vilima,” alimwambia Annonciata. “Sisi tulitoka upande wa pori. Miye nilibeba ndizi. Bwana yangu, muti ulimwangukia, hakurudi. Bantu banasemaka juu ya barabara. Banasema ni nani aliipima, ni nani alichimba. Hakuna muntu alishauliza ni nani alipika.”

Ndipo wanawake wa Walikale, wale wa umri wa Mama Marie, walipoanza kusimama mmoja mmoja, wakitaja walichobeba: mihogo, uyoga, samaki wa kukausha, maji. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja alitaja chakula na jina la aliyempelekea, akaketi. Annonciata alisimama nao muda wote, kwa sababu aliona si adabu kukaa. Papa Damien alikuwa amevua kofia yake.

Hadithi ilichapishwa gazetini kabla ya Noeli. Mhariri alikuwa amezigeuza “iko” zote za mama kuwa Kiswahili cha kitabu, na Annonciata akamwandikia, kwa heshima na kwa ukali, na katika toleo lililofuata wakaichapisha upya kama alivyoipeleka. Mama yake, aliyesomewa zote mbili, alisema ya pili ndiyo inayomjua. Kuhusu ndoa aliendelea kukumbusha.

Mwaka uliofuata sikukuu ilipangwa kufanyika Masisi, na Annonciata ndiye aliyeipanga, pamoja na Papa Damien aliyesaidia zaidi kwa kuketi kwenye benchi la shule na kusifia kila wazo. Daraja jipya la magogo lilikuwa limejengwa, na kamyo ya Walikale ilifika siku ya kwanza, watu wake wakitetemeka kwa baridi wakicheka pumzi zao zilizotoka kama moshi. Mama Marie alikuwamo. Alikuwa amepangiwa kufungua saa ya wazee.

Alipelekwa mbele, akaonyeshwa mahali pa kusimama. Uwanja ulijaa hadi kwenye kuta za kanisa. Mama Marie alitazama watu, kisha akatazama nyuma ya shule, ambako moshi wa masufuria ulikuwa ukipanda, na akamwuliza Annonciata kwa sauti ya chini ni nani wanaopika. Annonciata akamtajia: Agathe, Joséphine-Marie, Anne mke wa Mbonigaba, na wengine.

“Baitwe,” alisema Mama Marie.

Wakaitwa. Walikuja wakipangusa mikono kwenye vitenge, wakidhani kuna lawama. Mama Marie akawaonyesha mstari wa mbele, ambako walikuwa wameketi watu wa serikali wa ofisi ya teritware na walimu, na hao, wakimtazama Annonciata na kumwona hatabasamu, wakanyanyuka wakahama. Wapishi wakaketi. Mama Marie alingoja hadi yule wa mwisho, Agathe, alipomaliza kukunja miguu yake na kujifunika vizuri.

Halafu akaanza.